Mahudhurio ya Giza na Mbalamwezi

Katika wiki ya tano tangu niripoti kazini, niliwachapa wavulana sita wa Kidato cha Kwanza B kwa kosa la kuchelewa. Naanza na jambo hili kwa sababu rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye amepangiwa kituo chake cha kwanza mwezi huu, ameniandikia akiuliza nilifanyaje na wanafunzi watukutu nilipokuwa mgeni, nami sitaki asome majibu yangu akidhani kwamba niliingia darasani na hekima ya kuzaliwa nayo. Nilikuwa na shahada ya ualimu, azimio la kazi lililoandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, na hofu.

Kituo changu kiko kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, ng'ambo ya Busisi ukitokea mjini. Nilipokwenda kuripoti Julai 2023 tulivuka kwa kivuko, kwani lile daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 lilikuwa bado linajengwa. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikiona ngalawa na majarife, kwa hiyo nilijiambia kwamba mahali penye maji na wavuvi sitakuwa mgeni sana. Shule yenyewe ni ya kata, na darasa nililokabidhiwa kuwa mwalimu wake, pamoja na kulifundisha Hisabati, lilikuwa na wanafunzi 87. Tangu ada ifutwe katika sekondari za serikali Januari 2016 watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani wamepata nafasi, jambo ambalo siwezi kulilalamikia, lakini mwalimu mpya anayesimama mbele ya nyuso 87 akiwa na chaki moja huhitaji siku kadhaa kabla hajaacha kuona umati na kuanza kuona watu.

Kabla sijafika huko, wenzangu walikwisha kunionesha watu wenyewe. Mwalimu wa nidhamu alinipa orodha ya majina kumi na moja pamoja na fimbo, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani: "Madamu, hawa wa mwaloni maneno hawaelewi." Mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa, na katika ofisi ya walimu neno "wa mwaloni" lilikuwa limekwisha kuwa jina la tabia. Wa mwaloni ni yule anayechelewa, anayelala darasani huku ameegemeza shavu kwenye daftari la mwenzake, anayenuka shombo, anayeshika noti za elfu kumi kumi wakati mwalimu wake anasubiri tarehe ya mshahara, na anayecheka pasipochekesha. Mmoja wao, kijana wa miaka kama kumi na sita ambaye nitamwita Nahodha ili nimfiche, alikuwa amepata alama 4 kati ya 100 katika jaribio langu la kwanza, na karatasi yake aliikunja mashua nzuri sana mbele ya macho yangu.

Siku ya viboko mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Wale sita, Nahodha akiwa mmoja wao, waliingia lango la shule saa tatu kasoro, wamechoka, suruali zimekunjwa hadi magotini. Nilipomwambia wa kwanza anyooshe mkono, aliunyoosha bila ubishi, na katika kiganja chake niliona magamba madogo ya rangi ya fedha yamegandamana, yanang'aa kwa jua la asubuhi. Niliyaona vizuri. Sikuuliza yametoka wapi. Nilimpiga viboko viwili, nikamwita wa pili.

Jioni ile nilikumbuka mambo ambayo nilikuwa nikiyajua tangu chuoni. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2002, hazimpi kila mwalimu ruhusa ya kushika fimbo: anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na kila adhabu huandikwa kitabuni pamoja na kosa lililoisababisha. Mimi sikuwa na karatasi yoyote ya ruhusa, wala sikuandika popote. Nilikumbuka pia kwamba chuoni, tulipokuwa tukibishana juu ya jirani zetu wa Kenya walioondoa viboko mashuleni mwaka 2001, mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza kwa sauti kubwa upande wa kupinga fimbo. Na nilikikumbuka kisa cha mwaka 2018 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hilihili, ambako mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu. Nilichukua wiki tano tu kutoka kwenye yale mabishano hadi kwenye kiganja chenye magamba, na hakuna aliyenilazimisha.

Kesho yake watatu kati ya wale sita hawakuja. Watatu waliokuja walikuwa watulivu kupita kiasi, na kila nilipouliza kama wameelewa waliitikia pamoja na darasa zima kwa ule wimbo ambao kila mwalimu wa sekondari nchini anaujua: "Yesi madamu." Ofisini nilipongezwa. Nadhani pongezi zile ndizo zilizonishtua, kwa sababu nilijua hakuna mtu darasani mle aliyekuwa ameelewa kitu.

Kilichonifumbua macho hakikuwa wema wangu, bali kazi inayochosha kuliko zote za mwalimu wa darasa, yaani kufunga daftari la mahudhurio mwishoni mwa mwezi. Nilikuwa nikijumlisha safu za miezi miwili kwa kalamu nyekundu nilipoona kwamba utoro wa wale kumi na moja haukuwa umetapakaa ovyo kama utoro ninaoufahamu, ule wa Jumatatu na wa siku ya gulio. Ulikuja kwa mafungu. Kulikuwa na takribani wiki tatu za alama za kutokuwapo na kuchelewa, kisha siku kama kumi ambazo wote walikuwapo, kuanzia mstarini hadi kengele ya mwisho. Halafu fungu jingine la kutokuwapo, na jingine la kuwapo. Niliposhika daftari la maandalio na kulinganisha tarehe, nikagundua kwamba hata malalamiko yalikuwa na zamu zake: katika mafungu ya kutokuwapo malalamiko yalikuwa ya usingizi na kuchelewa, na katika zile siku kumi yalikuwa ya kelele, dhihaka na kurushiana karatasi.

Nilimwonesha mama anayetupikia makande, ambaye hufanya pia biashara ya dagaa, nikitegemea atanitajia siku za minada. Hakuchukua hata dakika. Alifuatisha kidole chake chenye majivu juu ya safu, akasema, "Hapa ni giza, madamu. Na hapa ni mbalamwezi."

Kwa msomaji asiyekaa ziwani, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua; mwanga huwavuta dagaa wakusanyike, kisha wavu huwazunguka. Mwezi unapokuwa mpevu taa haifui dafu mbele yake, dagaa hutawanyika, na mitumbwi hupumzishwa ufukweni hadi giza lirudi. Kwa hiyo mwalo una kalenda yake inayofuata mwezi wa siku 29 na nusu, wakati shule ina kalenda ya mihula inayofuata kitu kingine kabisa, na wale watoto kumi na moja walikuwa wakiishi katika kalenda zote mbili kwa mwili mmoja. Usiku wa giza walikuwa majini hadi alfajiri na asubuhi walilala kwenye madawati. Mbalamwezi ilipofika walikuja wamelala vizuri, wamechangamka, na wakakuta ubaoni mambo ambayo msingi wake ulijengwa wakati hawapo. Mtu mwenye miaka kumi na sita akiona aibu ya namna hiyo mbele ya wasichana, ni afadhali kwake aonekane mtukutu kuliko aonekane mjinga. Nilikuwa nikichukulia usingizi na kelele kuwa makosa mawili tofauti.

Giza liliporudi, Jumamosi moja nilikwenda mwaloni alfajiri. Harufu sitaieleza. Wanawake walikuwa wakianika dagaa kwenye chanja na wengine mchangani, na mitumbwi ilikuwa ikiingia mmoja mmoja. Mwenye mtumbwi huko huitwa tajiri, hata kama nyumba yake haina sakafu ya saruji, na tajiri wa Nahodha alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kunishitaki?"

Nilimwambia nimekuja kununua dagaa na kuuliza. Aliniambia kwamba hamchukui mtoto wa mtu kwa nguvu. Kijana alikuja mwenyewe, akatakiwa alete mzazi, akamleta mama yake, na mama akasema mchukue. Nilimtajia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu zote, kisha akasema, "Sheria hiyo ni nzuri, mwalimu. Ije na unga." Nilikuwa na jibu la chuoni, lakini pale ufukweni halikutoka.

Wakati tukizungumza, vijana wa mtumbwi walimaliza kuuza wakakaa chini kugawana, na mtu waliyemwita akokotoe hakuwa mkubwa wao bali Nahodha. Mauzo yalikuwa shilingi 240,000. Petroli, kuchaji betri na chakula 60,000. Zinabaki 180,000, nusu ni ya tajiri, na 90,000 ni ya watu wanne. Mmoja wa wanne alikuwa amekopa 8,000 kwa mwenzake wiki iliyopita, kwa hiyo yeye akapewa 14,500, aliyemkopesha akapewa 30,500, na wawili waliobaki wakapata 22,500 kila mmoja. Hakutumia simu wala kalamu. Alikuwa akigawa kwa mdomo huku anakamua fulana yake. Huyu ndiye aliyepata alama 4 katika jaribio langu, ambalo swali lake gumu kuliko yote lilikuwa jepesi kuliko mgao ule.

Alipogeuka akaniona, alifanya jambo ambalo sikulitarajia: alificha mikono nyuma.

Nilimwomba radhi. Sikumwita pembeni, kwa sababu nilimwadhibu mbele za watu. Nilimwambia kwamba siku ile nilikosea, kwamba nilipaswa kuuliza kwanza na sikuuliza. Tajiri wake aligeuza uso kuelekea ziwani kwa heshima. Nahodha alisema, "Haina shida, madamu," kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaishe, na sijui hadi leo kama yalimfikia. Jumatatu aliwahi, ingawa alilala kipindi cha tatu.

Rafiki yangu anataka kujua nilibadilisha nini, nami nitasema yale yaliyokuwa ndani ya uwezo wangu, kwa kuwa hayakuwa mengi. Nyumbani kwetu Tanga kila ukuta una kalenda yenye tarehe za Kiislamu, na mwanafunzi yeyote wa madrasa anajua kwamba tarehe 14 mwezi huwa umejaa. Nilimwomba mama yangu anitumie kalenda hiyo kwa basi. Nikalipanga upya azimio la kazi, kadiri mwalimu wa taaluma alivyoniruhusu, ili mada mpya na majaribio yaangukie kati ya tarehe 10 na 19 za mwezi mwandamo, na siku za giza ziwe za mazoezi na marudio kwa waliopo. Aliyerudi kutoka gizani alikuta tumesogea kidogo tu, na jirani yake wa dawati alikuwa na daftari lenye mifano ya kutosha kumwelezea. Mwalimu wa taaluma aliangalia azimio langu kwa muda mrefu akauliza kama mkaguzi akija nitamwambia somo hili linafundishwa kwa kufuata mwandamo. Nilimjibu kwamba nitamwambia hivyo hivyo. Bahati njema mkaguzi hajaniuliza.

Jambo la pili lilikuwa lugha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini ndipo tunapowapoteza wengi kuliko mahali pengine popote. Mtoto wa Kitanzania husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari moja anavuka mpaka na kuambiwa kwamba kuanzia sasa kugawanya, eneo, riba na pembetatu vina majina mengine, ya Kiingereza. Katika darasa langu wengi walikuwa wamevuka mipaka miwili, kwa kuwa nyumbani wanasema Kisukuma au Kizinza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, wakati wazazi wa baadhi yao hawajazaliwa, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mimi si mtunga sera. Lakini niliandika mgao wa mtumbwi ubaoni kwa Kiswahili, namba zilezile za Jumamosi, nikawaachia dakika mbili, na kwa mara ya kwanza nilisikia kelele darasani ambazo sikutaka zinyamaze. Baada ya hapo tuliiandika sentensi ileile kwa Kiingereza, neno kwa neno, wakiwa wamekwisha kulijua jibu. Huo ukawa mtindo wetu: maana kwanza, kisha jina lake la mtihani. Kuna wenzangu wanaoamini kwamba namna hiyo nawadekeza, na inawezekana, ila mtu hawezi kufikiri kwa maneno asiyonayo.

Tulipoingia kwenye milinganyo nilifuta kiasi cha petroli nikaweka herufi. Mauzo 240,000, kila mvuvi kapata 22,500, gharama hazijulikani, ziitwe x. Nahodha alitoa jibu kabla sijamaliza kuandika, kisha akanyosha mkono na kuuliza kwa dhati, bila dhihaka, "Sasa madamu, kwa nini tangu mwanzo hukusema kwamba x ni petroli?" Kwa muda wa wiki kadhaa x katika darasa lile ilikuwa petroli, hata katika maswali ya umri wa baba na mwana. Nilijivunia sana. Niliwapigia simu watu wawili kuwasimulia.

Fahari hiyo ilidumu hadi mwaka uliofuata, tulipofika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili katika Kidato cha Pili. Nahodha aliitazama x ikiwa na ile mbili ndogo begani, akauliza, "Petroli mara petroli ni nini?" Darasa zima likanitazama, na mimi nikawa sina jibu, kwa sababu petroli mara petroli si kitu. Nilikuwa nimewapa daraja la kuvukia nikasahau kuwaambia kwamba halifiki ng'ambo ya pili. Nilipoteza vipindi viwili nikihangaika, kisha nikakumbuka chanja za kuanikia dagaa: chanja ya mraba ambayo hatujui urefu wa ubavu wake, ukiongeza mita 2 upande mmoja na mita 3 upande mwingine, eneo lake likawa mita 30 za mraba. Hiyo waliielewa, lakini kuna waliobaki kwenye petroli hadi leo, na hilo ni kosa langu la kiufundi, si lao la utukutu. Mfano wa nyumbani ni mtamu kwa mwalimu kuliko kwa mwanafunzi. Sisi hupenda kuonekana tumewaelewa.

Nimezungumza sana juu ya wavulana, kama ambavyo ofisi ya walimu huzungumza. Orodha ile ya majina kumi na moja haikuwa na msichana hata mmoja. Kulikuwa na msichana wa dawati la mbele ambaye alinakili kila kilichokuwa ubaoni kwa mwandiko uliopangika kuliko wangu, akainamisha kichwa, na katika kila jaribio akarudisha karatasi yenye jina, tarehe na mistari aliyopiga kwa rula. Hakuna aliyemwita mgumu kwa sababu hakumsumbua mtu. Ilinichukua muhula mzima kugundua kwamba alikuwa akinakili maandishi kama mtu anavyochora ua, na kwamba hata aya ya Kiswahili aliisoma kwa kusukuma silabi moja moja. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye ni mama mtu mzima na mwenye subira nisiyokuwa nayo, alimchukua kila siku baada ya vipindi kwa nusu saa, wakaanza na vitabu vya darasa la tatu, milango imefungwa ili asichekwe. Sifa zote za msichana huyo ni zake mama huyo. Mimi nilichofanya ni kuuliza, tena nimechelewa.

Tena si kila mtukutu anafuata mwezi. Kulikuwa na mmoja ambaye hakuwahi kushika kasia, baba yake ana duka na yeye alihudhuria kila siku, na kazi aliyojipa ilikuwa kuigiza matamshi yangu ya Kitanga. Nikisema neno, mwangwi wake ulirudi kutoka nyuma. Nilitafuta sababu iliyojificha, kwani nilikuwa nimekwisha kupenda kutafuta sababu zilizojificha, na sikuipata. Nilimpa uongozi wa kikundi, akakiendesha kama mtoza ushuru, wenzake wakaja kulia ofisini, nikamvua. Nilimwita mzazi, mzazi akacheka kwa sauti ileile. Mwishowe nilimpa kazi ya kusoma maswali kwa sauti mbele ya darasa, akayasoma kwa Kitanga changu, na watu wakasikiliza maswali kuliko wanavyonisikiliza mimi. Sisemi kwamba alibadilika. Tumezoeana.

Kuhusu mwalo wenyewe, mkuu wa shule na mimi tulipeleka suala kwa mwenyekiti wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii, na baada ya vikao vitatu matajiri walikubali kwamba mwanafunzi hatapanda mtumbwi katika wiki za mitihani, na kwamba wanaohitaji fedha wapewe kazi ya kuanika Jumamosi mchana. Sijivunii makubaliano hayo, kwa sababu kwa upande wa pili yanakubali kimyakimya jambo ambalo sheria inalikataza. Lakini nilikwisha kuona kilichotokea katika nyumba mbili ambazo mtoto alizuiwa kabisa: mmoja alirudi majini kwa tajiri wa mwalo mwingine, mbali zaidi, ambako hakuna mwalimu anayemjua. Michango ya chakula cha shule ilikuwa msaada mkubwa kuliko vikao vyote. Sufuria ya makande ikiwa na uhakika, mtoto hana haja ya kurudi mwaloni saa saba mchana kutafuta cha kula.

Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili ulifanyika mwishoni mwa 2024, na wiki ya kwanza ya Novemba ilikuwa giza tupu. Matajiri walishika neno lao, isipokuwa mmoja. Matokeo yalipotoka Januari, Nahodha alikuwa na D ya Hisabati, maana yake alipata kati ya alama 30 na 44. Alikuja nyumbani kwangu jioni na dagaa waliokaushwa vizuri, sado nzima, akaniambia kwamba D si mbaya kwa mtu ambaye hana uhakika na petroli mara petroli. Mwigaji wangu alipata C bila kutoa jasho, jambo lililoniudhi kidogo. Msichana wa dawati la mbele alipata F katika Hisabati na C katika Kiswahili, na matokeo yake ya jumla yakamvusha kuingia Kidato cha Tatu.

Wale sita wa siku ya fimbo, watano ndio waliofanya upimaji. Wa sita, yule aliyenyoosha mkono wa kwanza, aliondoka Septemba 2024 kwenda kambi ya uvuvi kisiwani, na mama yake anasema hutuma fedha kwa simu kila mbalamwezi. Nimemwandikia barua mbili kupitia kwa wavuvi. Kwa utaratibu wa daftari nilipaswa kuwa nimemwondoa kwa utoro, nami nimekuwa nikiahirisha kila mwisho wa mwezi, mkuu wa shule akijua na akinyamaza. Asubuhi nikiita majina na kufika kwake, siachi nafasi. Nalitamka jina lote, na darasa linajibu kwa pamoja, "Kisiwani, madamu," nami naweka alama ya kutokuwapo, naendelea na jina linalofuata.